Chombo Kisicho na Mtu, Ziwani

Ninyi vijana mtakaosoma haya, zimeni hizo simu kwanza. Sitarudia. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, nikatolewa nikalee wadogo zangu, kwa hivyo mkikuta neno limeandikwa vibaya liacheni hapo lilipo. Naandika kwenye daftari la mjukuu wangu, kurasa za nyuma ambazo hakuzitumia, na sitataja mtu jina. Wanaohusika wanajijua.

Nataka kuwaeleza jinsi wanajeshi walivyofika nyumbani kwangu, hapa mtaa wa Ziwani, kwa sababu ya kitu kilichookotwa baharini, bahari ambayo mimi mwenyewe nimeiona mara mbili maishani. Na nitawaeleza nilichowajibu. Watu wa mtaa huu kila mmoja analisimulia kwa njia yake. Wengine wanasema nilikuwa jasusi. Jasusi gani anafua nguo zake kwenye mfereji wa maji wa mtaa mbele ya watu wote?

Marehemu mume wangu alikuwa mchongaji. Tulitoka naye Ukambani tukiwa wadogo kuliko ninyi, tukapata chumba hapa, na hapa ndipo watoto walizaliwa. Kazi yetu ilikuwa na mgawo wake. Mwanamume anashika tezo, anakata umbo. Mwanamke anashika msasa. Mimi tezo sikuwahi kuigusa ila kuifagilia chini yake. Lakini kila kilichobaki juu ya benchi jioni kikiwa kimeshakatwa, kesho yake nilikipiga msasa, nikakipaka nta, nikakitia kikapuni, na Ijumaa kikaenda karakana. Hatukuulizana. Hakuna aliyesema hiki ndiyo, hiki hapana. Na hakuna kinyago kilichokaa nyumbani kwetu hata siku moja, mume wangu hakutaka. Alisema nyumba ni ya watu, vinyago ni vya duka.

Alipofariki, benchi lilibaki pale barazani. Vijana wa karakana wakaendelea kuniletea vijiko na twiga wao, nami nikaendelea kupiga msasa.

Sasa mnielewe naishije. Nyumbani tuko watatu. Mke wa mwanangu ni karani kwenye mahakama ya Makadara. Anaondoka kabla jua halijatoka vizuri. Binti yao, mjukuu wangu, yuko sekondari, anarudi saa kumi na moja. Katikati ya hapo niko mimi na benchi. Naweza kukaa tangu chai ya asubuhi mpaka hiyo saa kumi na moja bila kufungua kinywa, na nikija kukifungua sauti inatoka imekwaruza kama mlango. Wanawake niliozoea kuketi nao wameisha. Baadhi wamekufa, wengine wamechukuliwa na watoto wao wakapelekwa Njiru huko, kwenye nyumba zenye geti, na wakinipigia wanasema huko hakuna hata mtu wa kumwazima chumvi. Redio naiwasha tu ili kuwe na mtu anaongea.

Mwanangu, baba wa huyo binti, ni mwanamaji. Fundi wa injini. Ndiye kitinda mimba wangu. Wa kwanza nilimzika, wa pili yuko ng'ambo na simu zake ni za Krismasi. Huyu wa mwisho alikuwa akinipigia kila Jumapili saa nane, nikitoka kanisani, na hatukuwa na mengi. Umekula? Nimekula. Mguu je? Mguu uko. Ilinitosha wiki nzima.

Basi wakati wa mvua ndefu redio ikasema kuna chombo kimeokotwa baharini upande wa kaskazini, chombo cha kivita, kinakwenda chenyewe bila mtu ndani. Droni ya majini, walisema. Hakijulikani ni cha nani, wala kilikuwa kinaelekea wapi, na wanajeshi wanachunguza. Nilisikiliza kwa sikio moja. Nilisema tu moyoni, kitu kitembee baharini peke yake, hakina mtu, hakina pa kwenda, hicho nacho ni kiumbe cha namna gani. Nikaendelea na vijiko vyangu.

Baada ya siku chache mwanangu akapewa ruhusa ya siku mbili, akaja. Hakuwa kama siku zote. Alikaa barazani karibu na benchi la baba yake, akakataa hata kwenda kuwasalimia wenzake kwa kinyozi. Mkewe alikuwa ameenda Njiru kuangalia ujenzi, maana wanajenga huko, kuta zilikuwa zimefika madirishani. Tukawa wawili.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Hakuna, Mama."

"Umekonda."

"Ni jua la huko."

"Jua halikondeshi mtu. Ni hicho kitu cha redio?"

Akageuza uso barabarani. Halafu akasema, "Mama, hayo ni ya kazi. Usiniulize."

Sikumuuliza tena. Lakini mtoto aliyelelewa karibu na benchi mikono yake haitulii. Aliokota kipande cha jakaranda kilichokuwa chini, akaishika tezo yake ya zamani, akaanza kukata. Anatumia mkono wa kushoto, na baba yake alikuwa amemtengenezea mpini wake. Alikata huku anaangalia barabara, hata hatazami anachokikata. Mimi nilikuwa namenya viazi. Zile sauti, tezo na ubao, sikuwa nimezisikia pale barazani tangu nimzike mume wangu. Nilipunguza mwendo wa kumenya viazi, nasema ukweli, ili asiache.

Alipoacha alikuwa na umbo mkononi, refu kama mkono wangu hadi kiwiko. Mbele limechongoka. Tumbo pana. Mgongoni pana kinundu chenye tundu. Na ubavuni, upande wa kushoto, nyuma kabisa, alikuwa amekata mifereji mitatu mifupi. Akalitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akalitupa kwenye sanduku la maranda.

"Mama, hiyo uchome."

Nikasema, "Sawa."

Na hapo ndipo nilipokosea, na sitamsingizia mtu. Nilidhani anaona aibu. Nilidhani anaona mkono wake umeharibika kwa kukaa na injini, na kazi ni mbaya, ndiyo maana anataka ichomwe. Babake naye alikuwa hivyo, alikuwa akikata simba mzuri halafu anasema tia jikoni. Wala sikuwahi kutia jikoni. Maranda ndiyo huchomwa. Jakaranda iliyokwisha kukatwa umbo haichomwi, hiyo ilikuwa sheria ya mikono yangu kabla mwanangu hajazaliwa.

Jumatatu alirudi kambini. Jumanne nikalitoa lile umbo sandukuni nikaanza msasa. Mjukuu wangu aliporudi shuleni akaligeuza geuza.

"Shosho, hii ni nini sasa?"

"Samaki."

"Samaki gani hana macho?"

"Babako hakumaliza."

"Si umwekee basi."

"Macho ni kazi ya mwenye tezo. Nenda ubadilishe sare."

Nililipaka nta mara tatu. Nilitamani kukaa nalo. Nililiweka juu ya meza, nikalitazama muda mrefu, ndani kimya. Lakini mume wangu alikuwa amesema la kusema kuhusu vinyago nyumbani, na mimi sikuwa mtu wa kuvunja neno lake kwa sababu tu hayupo wa kunikemea. Ijumaa nikalitia kikapuni pamoja na vijiko.

Msimamizi wa karakana ni mzee mwenzangu, tumejuana tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Alilishika akacheka.

"Mama, huyu samaki wako alizaliwa kipofu?"

"Wewe weka hapo."

"Naweka. Atakuja mtalii atasema ni sanaa."

Vijana wakacheka mpaka wakaweka tezo chini. Mmoja akasema si samaki, ni pasi ya umeme. Mwingine akasema ni kiatu cha jini. Nikaondoka zangu.

Kumbe mwenye duka la vinyago mjini alipita, akalipenda, akataka mengine. Na ninyi hamjui wachongaji wanavyofanya kazi, kwa hivyo niwaambie. Kinyago kikipendwa, kinawekwa juu ya kigoda katikati ya karakana, na kila mtu anakata pacha wake. Hawakati kwa kukisia. Wanapima kwa vidole, wanageuza, wanapima tena. Kama wa kwanza ana kovu, wote watakuwa na kovu hilo mahali hapo hapo. Haukupita mwezi, rafu nzima ya karakana ilikuwa imejaa wale samaki wasio na macho, kila mmoja na mifereji yake mitatu ubavuni kushoto. Mimi mwenyewe niliwapiga msasa wengine, nikifurahi.

Lakini simu ya Jumapili haikulia. Jumapili iliyofuata pia. Nilikaa na simu mapajani mpaka saa kumi, nikasema labda mtandao. Ya tatu, nikamuuliza mke wake.

"Hata mimi hanipigii, Mama," akasema. "Nimeongea na mke wa mwenzake. Wote waliogusa kile kitu wamezuiliwa kambini, simu zimechukuliwa. Kuna uchunguzi."

"Uchunguzi wa kile kitu?"

"Wa kile kitu, na sasa wa wao wenyewe. Eti kuna habari imetoka nje, na kijana mmoja alikutwa na simu karibu nacho."

Wiki hizo nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nasikia maji ya jirani yakichemka. Mke wa mwanangu akirudi anakula bila kuongea. Mjukuu naye amejifunika na vitabu. Kila mtu alikuwa peke yake ndani ya chumba kimoja.

Walikuja siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Mwanamke na mwanamume, wamevaa nguo za kawaida, viatu vinang'aa. Nilidhani ni wa kaunti, maana hizi nyumba zetu kila mara tunaambiwa zitabomolewa.

"Kama mmekuja kupiga nyumba rangi ya alama, mmeshapiga mara mbili," nikawaambia.

"Sisi si wa kaunti, Mama," mwanamke akasema. "Tunatoka jeshini."

Nikashika benchi. Mtu mwenye mtoto jeshini akiona wawili wamekuja na upole namna hiyo, anajua ni habari gani. Sikuuliza.  Nilingoja tu itoke kinywani mwao.

Mwanamume akafungua mfuko wake, akatoa kinyago. Jakaranda, hana macho. Akakiweka juu ya benchi. Sikuwahi kufurahi hivyo kuona kipande cha ubao. Nikawavutia viti, tukakaa.

"Unakijua?"

"Nakijua. Ni cha karakana yetu."

"Msimamizi anasema cha kwanza kililetwa na wewe."

"Ndiyo."

"Ulikitoa wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Si mara moja, lakini si polepole vilevile. Nilikitazama kile kitu, ile mbele iliyochongoka, lile tumbo, nikakumbuka redio, nikakumbuka "Mama, hiyo uchome." Wao hawakujua mimi nina mwana. Walikuwa wamefuata ubao tu, kutoka dukani mpaka karakana mpaka kwangu. Picha yake akiwa na sare nyeupe ilikuwa imening'inia ndani, nyuma ya pazia, na sisi tulikuwa barazani.

"Nilikichonga mimi," nikasema.

"Wewe, Mama?"

"Kwani mikono yangu umeionaje?"

Mwanamke akauliza niliona wapi mfano wake. Nikasema kwenye gazeti, wamefungia mandazi. Akasema picha iliyotolewa kwenye habari ni ya upande wa kulia tu. Akageuza kinyago, akaweka kidole kwenye mifereji mitatu.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nimeiweka mwenyewe. Ubavu ukiwa mtupu sana unachosha macho."

"Mitatu? Kushoto? Huku nyuma?"

"Sasa ningeweka mingapi?"

Mwanamume akacheka. Akafunga daftari lake. "Afande, mama amebahatisha. Hawa wachongaji lazima watie urembo." Mwanamke hakucheka. Alinitazama sana, halafu naye akasimama. Niliwakaribisha chai, wakakataa kwa heshima. Walipokuwa wanageuka, mwanamume akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini, lakini masikio yangu hayajazeeka:

"Basi lawama ya kuvujisha habari inarudi kwa yule wa simu. Nilisema tangu mwanzo."

"Amekataa," mwanamke akasema.

"Wote hukataa. Hata mamake yuko pale langoni kila siku na mwavuli. Ataambiwa leo kwamba ni mwanawe."

Wakaenda.

Nawaambia hivi, walikuwa wamekwisha kwenda. Hakuna aliyenishika mkono. Niliwaona wakipita nyumba ya kwanza, ya pili, wakaukaribia mfereji. Mwanangu alikuwa amepona. Kuta za Njiru zingefika kwenye paa. Jumapili simu ingelia. Na huko pwani kulikuwa na kijana mmoja ambaye hakufanya kitu ila kuwa na simu mfukoni, na mwanamke mmoja nisiyemjua, amesimama langoni na mwavuli, anangoja kuambiwa jambo ambalo mimi nilikuwa nimetoka kulipika kinywani mwangu.

Nilitaka mtu wa kumuuliza. Niligeuka kabisa, kama mtu anavyomgeukia aliyekaa ubavuni kwake. Palikuwa na benchi tu.

"Nyinyi!" nikaita. "Hebu rudini!"

Wamama waliokuwa wanachota maji waliinua vichwa. Wale wawili wakarudi.

"Nimewadanganya," nikasema. "Mimi tezo siijui. Aliyekata ni mwanangu. Ni mwanamaji. Ingieni ndani, picha yake iko ukutani."

Mwanamume alikaa, akafungua tena daftari. Mwanamke akakaa karibu yangu, akasema, "Eleza pole pole, Mama." Nikaeleza. Viazi, barabara, mkono wa kushoto, sanduku la maranda. Nikaeleza kwamba nilimuuliza mara mbili na mara mbili alikataa kunijibu. Nikaeleza kwamba aliniambia nichome, na mimi ndiye niliyeacha kuichoma.

"Sasa nisomee ulichoandika," nikamwambia yule mwanamume.

"Mama, ni kirefu."

"Mimi nina siku nzima."

Akaanza kusoma kwa Kiingereza. Nikamwambia hapana, kwa lugha niliyosema mimi. Akasoma kwa Kiswahili. Alipofika mahali pa kusema kijana alimwonyesha mamake umbo la chombo, nikamsimamisha.

"Futa hapo. Hakunionyesha. Alitupa. Mimi ndiye niliyeokota."

"Ni kitu kile kile, Mama."

"Kama ni kile kile, andika changu."

Mwanamke akatazama chini, nadhani alikuwa anazuia kicheko. Kikafutwa, kikaandikwa nilivyotaka. Nikaandika jina langu pale chini kwa herufi zangu kubwa za darasa la tatu. 

Jioni nilimwambia mke wa mwanangu kabla hajavua viatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye ni mtu wa mahakama, amezoea kusikiliza.

"Walikuwa wameondoka?" akauliza.

"Walikuwa wamefika mferejini."

"Mferejini! Mama, walikuwa wamefika mferejini, ukawaita?"

"Niliwaita."

"Kwani ungekaa na hilo neno ungekufa?"

  Alipika, akanipakulia, akaniwekea sahani mbele kwa mikono miwili kama desturi, na siku tisa baada ya hapo hakuongea nami ila habari za chumvi na maji.

Mtaani nako walinisulubu kwa maneno. Wanajeshi walikuja na gari karakana wakachukua wale samaki wote, wakawatia kwenye magunia, mpaka waliokuwa nusu. Msimamizi alinitumia neno kwamba vijana wamekaa bila kazi wananitaja. Wamama wa mfereji wakaniita Mama Nyambizi. Vijana waliokaa kwenye ukuta wakaniona napita, wakapiga kelele, "Shosho, niaje! Leo unaunda nini, ndege?" Nikawaambia naunda fimbo. Wakacheka, nami nikapita. Afadhali hao walikuwa wananisemesha.

Matokeo yalifika kupitia kwa mke wa mwanangu. Yule kijana wa simu ameachiliwa. Mwanangu alishtakiwa ndani ya kambi. Hakufukuzwa. Ile karatasi yangu ilisomwa mbele yake, yote, mpaka pale pa kuchoma. Lakini alivuliwa cheo na kuhamishiwa stoo, kuhesabu kamba na maboya, na injini hatagusa tena. Kile chombo chenyewe, mpaka leo sijasikia kama walijua ni cha nani. Redio iliacha kukitaja.

Simu zikarudi. Jumapili saa nane inalia, lakini ni ya mkewe. Wanaongea, mimi niko upande huu wa pazia, nasikia sauti yake bila maneno, kama mtu anaongea chini ya maji. Mke wake akimaliza anasema, "Anasalimia." Najua hasalimii. Yule mwanamke ananionea huruma tu, na huruma hiyo nayo nimeishika kwa mikono miwili, maana ni zaidi ya nilichokuwa nacho.

Sasa wiki hii imekuja habari kwamba amepewa ruhusa, anafika Jumamosi. Jana tukiwa tunakula muthokoi wetu wa mahindi, mke wake akaweka kijiko chini.

"Mama, tumeongea na mtoto. Jumamosi tutamwambia walikubana."

"Nani walinibana?"

"Wale wawili. Tutasema msimamizi alikuwa ameshatambua ule mkono wa kushoto, wakaja wakijua tayari, wakakutisha. Hungeweza kufanya lingine. Akisikia hivyo moyo wake utashuka."

"Ni story fupi tu, Shosho," mjukuu wangu akasema. "Hata haumizi mtu. Na utapata mtoto wako."

Niliwatazama wote wawili. Walikuwa wamenifikiria. Walikuwa wamekaa mahali, labda kitandani, wakapanga jinsi ya kunirudishia mwanangu, na kwa muda ule, nikiwa na tonge mkononi, nililitaka jambo lile kama mtu wa kiu anavyotaka maji. Angeingia. Angesema, Mama, pole. Angekaa pale barazani. Na kila Jumapili ningeongea na mtu anayemsamehe mama mwingine, mama aliyetishwa, siyo mimi. Mimi ningekuwa bado upande huu wa pazia na hakuna hata mmoja angejua.

Nikanawa mikono. Nikawaambia hivi, na mke wa mwanangu alijua kutokana na sauti kwamba sitasema mara mbili:

"Jumamosi akiingia, mtu asimwambie kwamba nilibanwa. Mwambieni walikuwa wameshakwenda zao na ni mimi niliyewaita. Akinuna, mwacheni anune. Akitaka kuniuliza, mtoke nje mtuache. Asipouliza, mpakulieni chakula, mniite na mimi, na tule mezani sote wanne."